Nimeambiwa mhusika wangu "hana mvuto". Nimkate kiuno au nishikilie?

MfinyanziWaSkrini

Wadau, habari za kazi. Kwa msionifahamu, mimi ni mwanamke na kazi yangu ni kufinyanga wahusika wa gemu kwenye kompyuta: nyuso, miili, mavazi, makovu. Kwa sasa niko na timu ndogo, tunatengeneza gemu ya angani. Mhusika mkuu ni fundi wa kike anayeingia kwenye vituo vya angani vilivyotelekezwa na kuviwasha upya. Umri wake arobaini na ushei. Mabega mapana, kwa sababu anavuta nyaya na kubeba mitungi ya hewa. Pua iliwahi kuvunjika, ikapona kwa upande. Mkono wa kulia una kovu la moto kuanzia kiwikoni kushuka, na hilo kovu nimelihangaikia kweli, maana ngozi iliyoungua haipokei mwanga kama ngozi nzima. Ukikosea kidogo tu inageuka plastiki.

Juzi tukakaa kukagua kazi. Maoni niliyopewa, neno kwa neno: "Hana mvuto. Mpunguze umri, kiuno kionekane, midomo ijae kidogo." Kwenye skrini hiyohiyo, pembeni yake, alikuwepo rubani mzee niliyemfinyanga mimi mwenyewe. Ana kitambi, ndevu za mvi, jino moja la mbele hana. Huyo wakamshangilia! "Huyu mzee ana historia," wakasema. Kumbe kitambi ni historia, pua ya upande ni kasoro.

Aliyetoa maoni si mtu mbaya, na hoja yake si ya kijinga. Anasema gemu inauzwa na picha ya kwanza, na mchezaji atamtazama huyu mama kwa saa nyingi, kwa hiyo lazima apendeze machoni. Nikamwambia kamera yetu iko nyuma ya mhusika, mchezaji atatazama mgongo. Akacheka, akasema basi na mgongo nao upendeze.

Nilitengeneza nakala ya pembeni, nikafanya kila alichotaka. Matokeo mawili. La kwanza ni la kiufundi: mkanda wake wa zana unakaa kiunoni, na kiuno kikishakuwa cha nyigu, spana inazama kwenye nyonga kila akiinama. La pili ndilo lililonikosesha raha. Nilipomnyoosha pua, nikamfuta mistari ya macho na kumjaza midomo, nikampanga na wanawake wengine wa pembeni wa gemu yetu, kisha nikazima nywele zote. Alikuwa mtu mmoja. Nyuso zote zilikuwa za mtu mmoja! Wanaume wetu ukiwazima nywele bado unajua nani ni nani kwa kivuli tu.

Maswali yangu. Kwa mlio kwenye kazi hii, mlimteteaje mhusika wa namna hii mbele ya wenye kauli? Na kina dada mnaocheza, ni mwanamke gani wa kwenye gemu aliyewakaa moyoni, na kwa nini? Nataka kwenda kikaoni na mifano, siyo na hasira.

---

KitufeChaPembeni

Dada, nikupinge kidogo kwa heshima. Gemu ni ndoto. Wanaume nao wamechorwa hivyohivyo: tazama Kratos, yule shujaa wa God of War, tazama wale wapiganaji wa Street Fighter, vifua kama milango. Mimi nina kitambi na sijawahi kulalamika kwamba Kratos ananidhalilisha.

Halafu tusisahau kwamba Bayonetta, mhusika mkuu wa gemu ya jina hilohilo ya 2009, yule wa miguu mirefu na miwani, alichorwa na mwanamke, Mari Shimazaki. Naye tumwambie hajui wanawake? Gemu ya Stellar Blade ya 2024 ililalamikiwa sana kwa umbo la Eve, mhusika wake mkuu, na ikauzika vizuri tu. Mnunuzi ameshasema anachotaka. Bosi wako anafanya hesabu, hana chuki.

---

MfinyanziWaSkrini

Kaka, asante kwa kuja na mifano. Bayonetta nakuachia, tena kwa moyo mweupe. Ile gemu yote imejengwa kumzunguka yeye: bastola ziko kwenye visigino, mapigano yake ni madaha, na ukimtazama unaona anayefurahi kuliko wote ni mwenyewe. Sina ugomvi na urembo. Nikiambiwa nitengeneze malkia wa jukwaani nitamwaga pambo zote nilizonazo.

Ila hoja ya Kratos haisimami. Kratos amechorwa jinsi mwanamume angependa *kuwa*. Huyu fundi wangu anaombwa abadilike awe jinsi mtu mwingine angependa *kumtazama*. Mfano mzuri kuliko wote uko ndani ya mfululizo mmoja. Kwenye Metal Gear Solid 3 ya 2004 kuna mdunguaji mzee, The End, anayeishi kwa nguvu ya mwanga wa jua kama mmea. Amevaa nguo zake kamili. Mwaka 2015, kwenye Metal Gear Solid V, akaja mdunguaji wa kike, Quiet. Naye ana uwezo wa namna hiyohiyo, ila yeye tukaelezwa kwamba anapumua kwa ngozi, kwa hiyo lazima atembee vitani na sidiria na soksi zilizochanika. Ngozi ya mzee ilipumua vipi chini ya koti?

Na kuhusu maumbo: uso unaotambulika kuliko zote kwenye gemu ni wa mtu mfupi, mnene, mwenye masharubu. Mario alianzia kwenye Donkey Kong ya 1981, na huko juu kabisa ya mihimili alikuwepo dada mwenye gauni la waridi, kazi yake kupiga kelele na kusubiri. Hakuna kikao kilichokaa kumpunguza Mario tumbo. Mwanamume kwenye gemu ana ruhusa ya kuwa pipa, mti, sokwe, hata mifupa mitupu. Mwanamke anapewa umbo namba nane na rangi tofauti za nywele.

(Kwa taarifa tu: kwenye gemu yetu anayetekwa na kusubiri kuokolewa ni yule rubani mwenye kitambi. Hilo halikulalamikiwa na mtu.)

Ninachokiogopa kweli si bosi, ni wachezaji. Aloy, shujaa wa kike wa gemu ya Horizon, trela ya toleo la pili ilipotoka 2021, watu waligombania mashavu yake, eti yamekuwa manene. Abby wa gemu ya The Last of Us Part II, 2020, alipewa misuli iliyotokana na mwili wa mwanamichezo halisi wa kike, na bado kuna walioapa kwamba hakuna mwanamke wa hivyo duniani. Laura Bailey aliyempa sauti alitumiwa vitisho vya kuuawa. Kwa ajili ya mtu ambaye hayupo! Timu yetu ni ndogo, hatuna ukuta wa kujificha nyuma yake.

---

BiKontrola

Mdogo wangu, umeuliza nani amekaa moyoni. Ngoja nijibu kwa urefu, maana mimi nilianza kushika kontrola enzi za runinga zenye kisogo, na nyumbani kontrola ilikuwa ya kaka zangu. Mimi nilikuwa naipata wakishachoka.

Wa kwanza ni Samus Aran. Metroid ilitoka 1986, na muda wote unacheza ukiamini ndani ya ile deraya kuna mwanamume. Hata kitabu cha maelekezo cha Kiingereza kilimtaja hivyo. Ukimaliza vizuri, kofia inavuliwa, ni mwanamke. Watu wakisimulia huishia hapo, wanapiga makofi. Wanaruka kipande cha pili: kadiri unavyomaliza haraka ndivyo anavyotokea na nguo chache, na wenye kasi kweli kweli walimkuta na bikini. Gemu moja ilimpa mwanamke kazi ya shujaa mzima mzima, halafu papo hapo ikamfanya zawadi. Bado nampenda. Nampenda kwa yale masaa yote kabla ya mwisho, yuko peke yake ndani ya chuma na hakuna anayemuuliza habari za umbo.

Ms. Pac-Man wa 1982 hunichekesha mpaka leo. Duara la njano. Duara! Wakalivika utepe na kulipaka rangi ya mdomo ili tujue ni la kike. Ila kama gemu, ilikuwa bora kuliko ile ya mwanzo: vichochoro vinabadilika, matunda yanatembea, mizimwi haikaririki. Hilo la ubora huwa halitajwi, utepe ndio unaotajwa.

Sasa Lara Croft wa Tomb Raider. Kwangu walikuwa Lara wawili. Wa ndani ya gemu ya 1996 alikuwa msomi mkavu, maneno machache, peke yake pangoni na mbwa mwitu, na ukimrusha vibaya ni wewe umekosea, siyo yeye. Wa kwenye mabango alikuwa kifua tu. Toby Gard aliyemchora aliondoka Core Design, kampuni iliyoitengeneza, baada ya gemu ya kwanza, na namna alivyotangazwa ni mojawapo ya mambo ambayo hayakumpendeza. Kaka zangu walibandika bango, mimi nikachukua gemu. Mwaka 2013 kampuni ya Crystal Dynamics walimwanza upya, mwandishi Rhianna Pratchett, wakampa mwili wa mtu anayeweza kupanda mwamba kweli. Nilifurahi, kisha nikachoka, kwa sababu kila hatua chuma kinamchoma ubavu, mti unamtoboa, mto unamburuta. Walimwacha apumue kwenye nguo, wakamkaba kwenye maumivu. Mwanamke kuwa jasiri tu bila kuteswa kwanza inaonekana ni kazi ngumu kuandika.

Lakini ukiniuliza mfano wa kuigwa, hao wote naweka pembeni. Nitakutajia binti mmoja wa Korea Kusini anayejulikana kwa jina la Geguri. Mwaka 2016 alikuwa anamchezesha Zarya kwenye gemu ya Overwatch, yule mwanamke wa misuli anayebeba mzinga, naye alikuwa hakosi shabaha mpaka wachezaji wa kulipwa wakasema haiwezekani, anatumia programu ya wizi. Hakubishana. Akaenda kucheza mbele ya kamera, moja ikiangalia skrini, nyingine ikiangalia mikono yake. Mikono ilikuwa yake. Mwaka 2018 akasajiliwa na Shanghai Dragons, mwanamke wa kwanza kwenye Overwatch League, ligi ya kulipwa ya gemu hiyo. Najua ni ushindi, na nimewasimulia mabinti wengi. Ila kinachonikera ni kile kipande cha kamera mikononi. Ni mwanamume gani aliyewahi kufanyiwa ukaguzi wa vidole kwa kosa la kulenga vizuri?

Mwaka uliofuata, 2019, Li Xiaomeng wa Uchina, wenyewe wanamwita VKLiooon, akachukua ubingwa wa dunia wa Hearthstone, gemu ya karata, pale kwenye tamasha la BlizzCon. Akasimulia kwamba kwenye mashindano ya nyuma alikuwa amepanga foleni, mwanamume mmoja akamwambia kama wewe ni msichana hapa si mahali pako.

Mimi ni mtu mzima sasa, na bado nikiingia mechi na watu nisiowajua nazima maikrofoni. Sauti yangu ikisikika tu, mechi inabadilika: mmoja ananitongoza, mwingine ananitukana, wa tatu anataka kunibebea silaha. Nikikaa kimya naitwa "mkuu" na tunashinda.

Kwa hiyo huyo mama yako mwenye pua ya upande, mlete. Nina umri wake na sijawahi kucheza kama yeye. Overwatch walituletea Ana, mdunguaji mwenye mvi na binti mkubwa, huyo huyo mwaka 2016, na sikujua kwamba nilikuwa na kiu hiyo mpaka nilipomwona.

---

MvutaMifupa

Nafanya animesheni, nijibu lile swali la kwanza.

Usiende na hoja ya heshima kwa wanawake. Nina maana, ni ya kweli, lakini kikaoni itaonekana ni mambo ya hisia na mtaishia kuhurumiana. Nenda na spana. Wahusika wenu bila shaka mnawatumikishia seti moja ya mifupa, yaani kile kiunzi cha ndani kinachouendesha mwili kwenye kompyuta, timu ndogo haiwezi kujenga seti mbili. Ukibana kiuno bila kugusa mifupa, ngozi ya tumbo inakunjamana kila anapojipinda, mkanda unaelea, zana zinazama. Ukigusa mifupa, kila mwendo uliokwisha tengenezwa lazima upitiwe upya: kupanda ngazi, kutambaa, kuvuta nyaya. Waulize nani atalipia hizo wiki. Mwili ulioufinyanga unaendana na kazi anayofanya, kwa hiyo ndio wa bei nafuu.

Inachekesha kwa sababu kwa kawaida hoja hii hutumiwa kinyume. Mwaka 2014 kampuni ya Ubisoft walipoulizwa kwa nini gemu yao ya Assassin's Creed Unity haina mwanamke wa kuchezeshwa, jibu lilikuwa kwamba kazi ya animesheni na mavazi ingeongezeka mno. Jonathan Cooper, ambaye alishawahi kuwafanyia kazi ya animesheni, akasema hadharani kwamba kwa makadirio yake ni kazi ya siku moja au mbili. Miaka minne baadaye, kwenye Odyssey ya mfululizo huohuo, unachagua Alexios au Kassandra, hadithi ileile, mapigano yaleyale, na dunia haikuanguka.

La pili. Ulimwonyesha vipi? Nina hakika fundi wako alisimama mikono imetandazwa pembeni kwa ajili ya kufungwa mifupa, uso hauna kitu. Na rubani?

---

MfinyanziWaSkrini

Rubani alikuwa ameegemea ukuta, ana kikombe mkononi, anacheka na pengo lake. Ndiye aliyekwisha kamilika.

---

MvutaMifupa

Basi. Walimlinganisha mtu na sanamu. Mweke kwenye kazi: ameingiza mkono wenye kovu ndani ya mashine, bega limebana ukuta, tochi iko mdomoni, jicho moja limefumbwa. Usiseme neno. Wakishaona hiyo tochi mdomoni, waulize kama bado wanataka midomo ijae.

Na kama una muda, watafutie Melina Juergens. Alikuwa mhariri wa video pale Ninja Theory, kampuni ya gemu, hana historia ya uigizaji, wakamtumia tu kujaribia mitambo ya kunasa uso wakati wanatengeneza Hellblade. Akawa Senua mwenyewe, mhusika mkuu. Gemu ikatoka 2017, mwaka uliofuata akapewa tuzo ya Uingereza ya BAFTA, ya uigizaji kwenye gemu. Uso uliopakwa tope, macho mekundu, hapendezi hata kidogo kwa kipimo cha bosi wako, na huwezi kuacha kumtazama.

---

KitufeChaPembeni

Mimi bado niko upande wa ndoto, ila hiyo ya The End kuvaa koti imenikamata. Sina jibu.

---

MfinyanziWaSkrini

Mrejesho, wadau. Tumekaa leo.

Nilimweka kama alivyosema MvutaMifupa, tochi mdomoni. Sikutoa hotuba. Umri umebaki, mabega yamebaki, pua imebaki. Hata aliyetoa maoni ya mwanzo alivuta kiti karibu akauliza ile mashine anatengeneza nini humo ndani. Hoja ya mifupa ndiyo iliyomaliza habari ya kiuno, na nilisikitika kidogo kwamba gharama ilisikilizwa haraka kuliko mimi, lakini nachukua. Kwa wanawake wa pembeni nimepewa ruhusa ya kurudia nyuso zao zote. Mmoja tayari nimempa taya la bibi mkali.

Nilichoshindwa ni picha ya jalada. Mtu wa masoko anataka rubani akae mbele na fundi nyuma kidogo, upande, eti mzee "anauza". Mhusika mkuu nyuma ya anayeokolewa! Wamesema tutalijadili wiki ijayo.

---

BiKontrola

Hiyo si mpya. The Last of Us ya 2013, watengenezaji wake Naughty Dog wenyewe walieleza kwamba walipata shinikizo la kumwondoa Ellie, yule binti, mbele ya jalada. Wakakataa. Litafute lile jalada: Ellie yuko mbele, bunduki mgongoni, Joel, mwenzake wa kiume, yuko nyuma yake. Na unajua ile gemu iliuza kiasi gani.

---

MfinyanziWaSkrini

Naliprinti, nalibandika ukutani kabla hawajaingia. MvutaMifupa, nakutumia faili la mkanda usiku huu, spana bado inagusa nyonga akipanda ngazi.